Hodi ya Kila Saa

Jumamosi moja mtoto wa kaka yangu alikuja nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba. "Shikamoo shangazi," akasema, na kabla sijamaliza marahaba akaendelea: "Wamesema homoni zangu zimevurugika." Yuko katika mwaka wa pili wa ndoa, hajashika mimba, na mawifi zake wameanza kuuliza yale maswali ambayo si maswali.

Karatasi ilitoka maabara. Ilikuwa na mstari mmoja uliotiwa nyota pembeni: estradioli, pikogramu 240 kwa mililita, "juu". Pale palipotakiwa kujazwa tarehe ya mwanzo wa hedhi ya mwisho palikuwa patupu. Pamoja na karatasi alipewa namba ya simu ya mtu anayeuza dawa ya kurekebisha homoni, chupa tatu kwa mkupuo, kwa bei ambayo ingemlipia mtoto ada ya muhula mzima.

Nilimuuliza swali moja tu. Damu ulitoa siku ya ngapi? Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, akahesabu tena. Siku ya 13.

Basi karatasi ile haikuwa na msiba wowote. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutazamiwa kuwa na kiwango cha namna hiyo karibu na siku ya 13, nacho ndicho mwili unachokingoja ili uliachilie yai. Angekuwa na 240 siku ya 3, ningekuwa na mengi ya kumuuliza. Tarakimu ni ileile, mwili ni uleule, lakini habari ni mbili tofauti kabisa.

Toleo hili la jarida lilianzia sebuleni pale. Kwa muda mrefu tumelizoea neno "kuvurugika", nalo limetufanya tuufikirie mwili kama mizani ya muuza dagaa: kikizidi punguza, kikipungua ongeza. Ninachodai hapa ni kwamba kiwango cha homoni hakisemi lolote mpaka ujue kimepimwa lini na ni seli zipi zinazokisikiliza. Na hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko kichwani, pale estrojeni, kundi la homoni ambalo estradioli ya karatasi ile ni mojawapo, inapozungumza na ubongo kuhusu kazi ya tezi ya pituitari.

Tezi hiyo haizidi punje ya njegere. Imekaa nyuma ya macho, ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wanaanatomia wa zamani walikiita tandiko la Kituruki kwa sababu ya umbo lake. Hutoa LH na FSH, homoni mbili zinazosafiri na damu hadi kwenye ovari, zikakuza mayai na kuyaachilia. Vitabu vya shule viliwahi kuiita bwana wa tezi zote. Ubwana wenyewe ni wa mnyapara. Juu yake ipo haipothalamasi, kipande cha ubongo chenye gramu 4 hivi, na amri hutoka huko.

Zinapitaje? Watu walibishana sana, maana kati ya ubongo na sehemu ya mbele ya pituitari hakuna neva za maana za kubeba ujumbe. Mwingereza Geoffrey Harris alishikilia kwamba amri hupita ndani ya damu, kwa vimishipa vinavyoteremka kwenye kikonyo cha tezi. Mwaka 1952 yeye na Dora Jacobsohn waliwatoa panya pituitari na kuzipandikiza upya. Zilizowekwa chini ya haipothalamasi zilifikiwa na vimishipa vile, na panya wakarudia mzunguko wao, wengine wakazaa. Zilizowekwa chini ya sehemu nyingine ya ubongo zilipata damu ya kutosha na hazikufanya kitu.

Solly Zuckerman alimpinga hadharani kwa muda mrefu, naye hakuwa mtu wa kupuuzwa, kwani alianza kazi kwa kuwachunguza nyani wa Afrika Kusini alikozaliwa. Nyani ni somo zuri la estrojeni. Ukipita Mikumi utawaona majike kando ya barabara, makalio yamevimba na kuiva wekundu. Estrojeni inavyopanda uvimbe ule hukua. Yai likishatoka na projesteroni ikiingia, hunywea. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini watafiti wa Amboseli wamekuwa wakiyatazama ya majike wa huko tangu miaka ya 1970 kama wengine tunavyotazama kalenda ya ukutani. Binadamu hana bendera ya namna hiyo. Ndiyo maana tarehe ikikosekana kwenye fomu ya maabara, hakuna kitu kingine cha kuifidia.

Amri yenyewe ilifahamika mwaka 1971. Timu ya Andrew Schally kule New Orleans ilisaga haipothalamasi za nguruwe zaidi ya 100,000 kuipata. Mshindani wake, Roger Guillemin, alitegemea kondoo. Baada ya jasho lote hilo ikaonekana kuwa ni mnyororo wa asidi amino 10 tu. Inaitwa GnRH. Mwaka 1977 mahasimu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow.

Hapo ikadhaniwa kazi imekwisha: asiyekuwa na homoni apewe homoni. Ernst Knobil na wenzake kule Pittsburgh walikuwa na tumbili wa aina ya rhesus ambao sehemu ya haipothalamasi inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa. Wakawapa GnRH kwa dripu isiyokatika. LH haikudumu. Wakabadili mtindo, wakawapa kwa dakika 6, kisha kimya mpaka saa nyingine, tena dakika 6. LH ikarudi na kutulia mahali pake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978, na kwangu mimi ndiyo kurasa muhimu kuliko zote katika elimu hii.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mchoro kuyaelewa. Mgeni hupiga hodi, hunyamaza, husikiliza, hupiga tena. Anayepiga hodi mfululizo bila kupumua si mgeni, na mwenye nyumba mwenye akili hutia komeo. Pituitari nayo hutia komeo: vipokezi vyake hupungua, na vilivyobaki huacha kuitika. Wazee wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa sindano ya goserelini wanatibiwa kwa kanuni hiyohiyo. Dawa ile ni jamaa wa GnRH, inakaa chini ya ngozi ya tumbo wiki 4 au 12 ikipiga hodi usiku na mchana, mpaka pituitari ifunge na korodani ziache kutoa testosteroni. Siku za mwanzo, kabla mlango haujafungwa, testosteroni hupanda kwanza. Mgonjwa asipoelezwa hilo mapema, hutishika bure.

Estrojeni haipigi hodi hiyo. Kazi yake ni kuamua hodi zije kwa kasi gani, na mwenye nyumba aitike kwa sauti gani.

Upande mmoja wa kazi hiyo unajulikana tangu mwaka 1932, pale Carl Moore na Dorothy Price wa Chicago walipoeleza kwamba tezi za uzazi na pituitari hushushana na kupandishana kama watoto kwenye bembea ya ubao. Walimu wetu hutumia mfano wa tangi la maji juu ya paa: maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga koki, yakishuka, koki hufunguka. Estrojeni ikipanda kiasi, ubongo na pituitari hupunguza LH na FSH. Mfano ni mzuri, na kwa sehemu kubwa ya mwezi ni wa kweli.

Niseme neno kuhusu maneno. Tafsiri iliyozoeleka ya jambo hili ni "mrejesho hasi", na kinyume chake "mrejesho chanya". Katika maofisi yetu mrejesho hasi ni malalamiko ya mteja, na hasi ni kitu cha kurekebishwa. Nimemsikia mwanafunzi wa mwaka wa tatu akieleza kwamba mgonjwa ana tatizo kwa sababu "mrejesho wake ni hasi". Sasa hasi hiyo ndiyo uzima wenyewe. Katika kurasa zinazofuata tumeandika "mwitiko wa kutuliza" na "mwitiko wa kuchochea". Mwenye maneno bora kuliko hayo atuandikie.

Turudi kwenye tangi, maana hapo ndipo linapopasuka. Mwaka 1934 Walter Hohlweg, akifanya kazi Berlin, aliwadunga estrojeni panya wachanga wasiopevuka. Kwa hesabu ya boya, pituitari ilipaswa kunyamaza. Badala yake ilichochewa, na kwenye ovari zikaonekana alama za mayai yaliyokwisha kuachiliwa. Tangu hapo tumejifunza masharti yake kwa binadamu: estrojeni ifike karibu pikogramu 200 kwa mililita au zaidi, na idumu hapo kwa siku 2 hivi. Ikiwa chini ya hapo, au ikifika na kuondoka mapema, hakuna linalotokea. Masharti yakitimia, LH huja kama wimbi, na baada ya saa 36 hivi yai hutoka. Hebu fikiria tangi lililojaa pomoni kwa siku mbili, halafu boya likaifungua koki lenyewe na maji yakaporomoka. Tungemwita fundi bomba. Mwili unalifanya hili kila mwezi, na ubinadamu wote umepita hapo.

Wimbi hilo huanzia kwenye ubongo au kwenye pituitari yenyewe? Hapa wataalamu hawajaacha kutupiana maneno, na sababu kubwa ni wanyama waliowachagua. Mwaka 1950 John Everett na Charles Sawyer walimdunga panya dawa ya usingizi saa 8 mchana, yai halikutoka usiku ule. Lilichelewa saa 24 kamili. Ubongo wa panya una dirisha la mchana kati ya saa 8 na saa 10, na likipita limepita mpaka kesho. Mwenye panya atasema ni ubongo. Lakini tumbili wa Knobil, wakipigiwa hodi ileile kila saa bila kubadilishwa dozi wala kasi, waliendelea kupata wimbi la LH pale estrojeni ilipofika kiwango chake. Na mwaka 1980 madaktari wa Ujerumani wakiongozwa na Gerhard Leyendecker waliwafungia wanawake wasiopata hedhi kwa kukosa GnRH pampu ndogo iliyotoa dozi moja kila dakika 90, na mayai yao yakapevuka na kutoka. Pampu haikujua ni siku ya ngapi. Pituitari ilijua, kwa sababu estrojeni ilikuwa imeiambia.

Mimi naegemea huko: kwamba kwa mwanamke ubongo hauna budi kuendelea kupiga hodi, lakini sehemu kubwa ya uamuzi wa siku ya yai estrojeni huupitishia kwenye pituitari yenyewe. Waliosomea panya watanipinga, na kurasa za barua ziko wazi.

Kuna kitendawili kilichokaa miaka mingi bila jibu. Seli za ubongo zinazotoa GnRH ni chache ajabu, elfu moja au mbili hivi kwa binadamu. Hata kuzaliwa kwake ni kwa mbali: mimba ikiwa changa, zinaanzia puani na kusafiri hadi kwenye haipothalamasi. Zikikwama njiani, mtoto hukua bila kubalehe na mara nyingi bila uwezo wa kunusa. Sasa, seli hizi hazina kile kipokezi kikuu cha estrojeni, kinachoitwa alfa. Yaani mpiga hodi ni kiziwi kwa yule anayempangia kasi. Lazima awepo wa kumnong'oneza.

Mnong'onezi alipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtafuta. Mwaka 1996 watafiti wa saratani mjini Hershey, Pennsylvania, waligundua jeni inayozuia saratani ya ngozi kusambaa, wakaiita KISS1 kwa kuukumbuka mji wao na chokoleti zake za Kisses. Miaka 7 ikapita bila wataalamu wa uzazi kuitazama. Mwaka 2003 timu mbili, moja ya Ufaransa na moja ya Boston, zikaeleza habari za familia ambazo baadhi ya watu wao hawakubalehe. Kasoro ilikuwa kwenye kipokezi cha protini ya jeni hiyo, kispeptini. Familia iliyochunguzwa na timu ya Boston ilitoka Saudi Arabia. Seli za kispeptini ndizo zenye masikio ya estrojeni. Na kwa panya ziko makundi mawili: estrojeni ileile, kwa wakati uleule, hulinyamazisha kundi moja na kulichangamsha jingine. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijaweza tena kumsikia mtu akisema "estrojeni hufanya hivi" bila kutaka kumuuliza: mbele ya nani?

Wanaoyaishi haya kila usiku ni mama zetu waliokoma hedhi. Anaamka saa 9, kanga imelowa, anafungua dirisha, anajipepea, anaambiwa ni presha au ni mawazo. Mwaka 1990 Naomi Rance na wenzake, wakipima bongo za wanawake waliofariki baada ya kukoma hedhi, waliona kwamba seli fulani chini ya haipothalamasi zilikuwa zimenenepa. Ni zile ambazo sasa tunajua hutoa kispeptini pamoja na nyurokinini B, seli ambazo estrojeni ilikuwa ikizituliza kwa zaidi ya miaka 30. Estrojeni imeondoka, na hakuna wa kuzinyamazisha. Kelele zake zinafika mpaka sehemu jirani inayopima joto la mwili, ubongo unaamini mwili umewaka, jasho linamwagika. Mwezi Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo fezolinetanti, inayoziba kipokezi cha nyurokinini B. Haina homoni ndani yake hata chembe, ingawa mtumiaji lazima apimwe ini. Kwa mtu wa mizani ya dagaa dawa hii haieleweki: kilichopungua ni estrojeni, na mgonjwa amepata nafuu bila kurudishiwa estrojeni.

Wanaume wasifikiri mazungumzo haya ni ya jikoni. Mwaka 1994 kilichapishwa Marekani kisa cha kijana wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, ambaye mifupa yake ilikuwa bado haijafunga. Kipokezi chake cha estrojeni kilikuwa kibovu tangu kuzaliwa. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini LH na FSH zilikuwa juu. Sehemu ya testosteroni ya mwanamume hugeuzwa kuwa estrojeni mwilini, ubongo ukiwemo, na kwa kiasi kikubwa ni hiyo inayoiambia pituitari itulie. Kwa sababu hiyo, "homoni ya kike" hutalikuta katika toleo hili ila ndani ya alama za kunukuu.

Dawa mbili zilizoenea kwetu zinasimama juu ya haya yote. Ya kwanza ni vidonge vya majira, na aliyevipa jina hilo, yeyote aliyekuwa, aliielewa biolojia kuliko wengi wetu. Vidonge 21 vyeupe vina estrojeni na projestini za kiasi kimoja kila siku. Hodi zinapungua, kupanda kule kwa siku mbili hakupo, na wimbi la LH haliji. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Ya pili ni klomifeni. Inaziba vipokezi vya estrojeni kichwani, ubongo unadhani estrojeni imekwisha, unaongeza hodi, FSH inapanda na mayai yanakua. Humezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Mwanamke ambaye haipothalamasi yake haipigi hodi hafaidiki nayo, na anayepevusha mayai vizuri anaweza kujikuta na mapacha asiowaomba. Nimezungumza na wanawake waliouziwa dirishani, vidonge ndani ya bahasha ya karatasi, bila kuulizwa siku wala kupimwa chochote. Huko simlaumu muuzaji peke yake. Kama sisi wenye majarida tumekuwa tukiandika homoni kama orodha ya vitu vilivyozidi na vilivyopungua, yeye angejifunza wapi kuuliza siku?

Kwa hiyo meza ya uhariri iliweka sharti kwa waandishi wote wa toleo hili: kila tarakimu ya homoni iandikwe na siku yake ya mzunguko, na pale inapohusu LH, saa pia, kwa kuwa kati ya hodi moja na nyingine kiwango chake hupanda na kushuka. Sharti liliwaudhi watu. Makala ya kunyonyesha imechelewa wiki mbili kwa ajili yake. Katika makala ya ugumba mtaona nafasi nyeupe kwenye ukurasa wake wa pili, si kosa la mchapaji: palikuwa na jedwali la wagonjwa 11, mwandishi akarudi kwenye majalada yake, akakuta siku haikuandikwa hata kwa mmoja.